Daktari, Unanitazama au Unaniona?

Mpenzi msomaji, kabla sijakuchosha na maneno naomba unifanyie jambo moja dogo. Nyoosha mkono mbele, uunyooshe kabisa, halafu simamisha dole gumba. Tazama ukucha wake. Umeuona? Basi eneo hilo, upana wa dole gumba kwa urefu wa mkono, ndilo ambalo jicho lako linaliona kwa ung'avu kamili. Vingine vyote, pamoja na huyo abiria wa pembeni anayekukodolea macho akidhani umechanganyikiwa, unaviona kiukunguukungu tu. Ubongo ndio unaokuzuga kwamba umeona kila kitu.

Usinicheke. Mimi shule niliishia kidato cha nne, na hiyo biolojia yenyewe tulifundishwa na mwalimu wa kuazima: akipata nauli anakuja, akikosa tunapiga soga. Lakini hili la dole gumba nimelisoma mwenyewe, nikalijaribu mwenyewe, na tangu hapo siwezi kumwona mtu mwenye koti jeupe bila kujiuliza: hivi saa hizi jicho lake limetua wapi?

Manake kama jicho linaona sawasawa kipande kiduchu tu, inabidi lirukeruke. Na kweli linaruka. Daktari mmoja wa macho wa Ufaransa, Louis Émile Javal, aliandika habari hizi mwishoni mwa miaka ya 1870. Ukisoma, jicho haliteleziki kwenye mstari kama treni kwenye reli. Linaruka, linatua, linaruka tena, kama chura. Kila likitua linakaa kama robo ya sekunde hivi, halafu hilo, limeondoka. Mpaka umefika hapa kwenye safu hii macho yako yamesharuka mara mia na zaidi, na wewe huna habari.

Baadaye akaja Mrusi, Alfred Yarbus. Huyu bwana hakuwa mchezo. Alitengeneza kikombe kidogo cha kunyonya, akawa anakibandika juu ya jicho la mtu (jamani!), kina kioo kidogo cha kurudisha mwanga, na ule mwanga unachora njia yote ambayo jicho limepita. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1967. Aliwaonyesha watu mchoro wa Ilya Repin, wa mwanaume anayeingia nyumbani kutoka uhamishoni bila kutarajiwa, na familia imeduwaa. Mchoro ni ule ule mmoja. Lakini akimwuliza mtu, familia hii ina uwezo gani, macho yanakwenda kwenye nguo na samani. Akimwuliza, hawa watu wana umri gani, macho yanahamia kwenye nyuso. Swali likibadilika, njia ya jicho nayo inabadilika.

Kwa maneno ya uswahilini: jicho hufuata swali. Mtu anatazama kile ambacho kichwa chake kinakiuliza wakati huo. Naomba hilo ulitie kibindoni, tutalihitaji.

Sasa nikwambie kwa nini mambo haya yananihusu mimi, mwandishi wa kuungaunga ninayelipwa kwa safu.

Miaka mitatu iliyopita shangazi yangu alilazwa kwa pumu kwenye hospitali moja kubwa, jina ninalo. Siku ya pili asubuhi wakaja vijana sita wanaosomea udaktari, wameongozana na profesa wao. Wakazunguka kitanda. Mimi na chupa yangu ya uji nikasukumwa nyuma, nikabaki naona migongo tu. Profesa akauliza dalili za pumu kali. Kijana wa kwanza akajibu, tena vizuri. Wa pili akaongezea. Wa tatu akapekua faili. Kiingereza kikawa kinatiririka kama maji ya bomba siku ya mgao ukiisha.

Kumbe muda wote huo mpira wa oksijeni ulikuwa umechomoka kwenye mtungi. Unaning'inia pale pale, mbele ya macho kumi na mbili, bila kuhesabu ya profesa. Midomo ya shangazi imeanza kugeuka zambarau. Aliyeona ni nani? Mama mhudumu wa wodi, aliyekuwa anapita upande ule na ndoo yake na dekio. Akasimama. "Jamani, huyu mama mbona yuko hivi?" Ndipo pakachangamka. Profesa mwenyewe akaurudisha mpira, na baada ya dakika kadhaa rangi ikarudi.

Shangazi yuko hai, mzima, anauza vitumbua vyake. Mwenyewe akisimulia anasema, "Walinizunguka kama wanatazama bao, na mimi ndiye kete." Watu wanacheka. Mimi sicheki sana, kwa sababu mwanaye wa mwisho, binamu yangu, anasomea udaktari, na mwaka huu ndio anaanza kuzunguka wodini. Mwakani anaweza kuwa yeye mmoja wa wale sita.

Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu moja tu: wale vijana ni wazembe. Lakini binamu yangu akaniambia kitu. Alisema, "Ndugu yangu, ukisimama pale roho iko mkononi. Macho yako yote yako kwenye mdomo wa profesa, unasubiri kujua atamgeukia nani." Basi! Nikamkumbuka Yarbus. Wale sita walikuwa na swali moja kichwani: profesa atamwuliza nani, na nitajibu nini? Mama wa dekio alikuwa na swali lake: hawa wagonjwa wangu wameamkaje? Kila mmoja jicho lake lilikwenda kule swali lake lilikomtuma.

Haya, wenzetu wengine hawakuishia kwenye kulalamika. Wameamua kuyafuata hayo macho kwa mashine.

Kinachofanyika ni hivi. Unaandaa chumba kama wodi au chumba cha upasuaji. Kitandani unalaza mwanasesere. Usidhani ni wa kuchezea watoto. Wa mwanzo waliojulikana sana ni Anne, aliyetengenezwa mwaka 1960 na Asmund Laerdal wa Stavanger, Norway, mtu ambaye kazi yake ilikuwa vitu vya kuchezea watoto. Anne alikuwa wa kujifunzia kumpulizia hewa mtu aliyezimia na kumkandamiza kifua. Wa siku hizi wanapumua, wana mapigo ya moyo, wanaongea kwa sauti ya mtu aliyejificha chumba cha pili, na wakitaka wanakufa. Daktari mwanafunzi akikosea, mwanasesere anafufuliwa, wanaanza upya. Hakuna anayelia isipokuwa mwanafunzi.

Sasa huyo mwanafunzi anavalishwa miwani. Ukiiona utadhani ya fundi wa kuchomea vyuma aliyepata mafanikio. Ndani yake kuna vitaa vya mwanga ambao jicho halioni, na vikamera vinavyoitazama mboni na ule mmeto mdogo wa taa juu ya jicho. Kwa kupima umbali kati ya mboni na mmeto, kompyuta inajua jicho limeelekea wapi. Kamera nyingine inatazama mbele, inarekodi anachokitazama. Kabla ya kuanza anaambiwa atazame alama fulani ili mashine iyazoee macho yake. Mwishoni unapata filamu ya zoezi zima, na juu yake kiduara kinarukaruka: hapa ametazama faili, hapa skrini, hapa mkono wake mwenyewe, hapa mgonjwa, hapa mlango (huyo anatafuta pa kutokea).

Wameona nini? Nitakupa machache ambayo yalinikalisha chini.

Kule Munich, Ujerumani, watafiti waliwafuata madaktari wa usingizi wakiwa kwenye upasuaji wa kuigiza, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Mambo yakiwa shwari, madaktari walitumia kama asilimia 20 ya muda wao kutazama ile skrini ya mapigo na presha. Yakiharibika, ikapanda mpaka asilimia 30. Hapo hakuna ajabu, kengele ikilia lazima utazame. Ajabu iko hapa: wazoefu, mambo yalipochafuka, waliongeza muda wa kutazama kazi ya mikono yao. Wale wachanga wakaupunguza. Yaani hatari ilipokuja, mgeni wa kazi alivutwa na skrini, na mikono ikabaki bila macho. Mkongwe aliitazama skrini lakini hakuihama kazi yake.

Ukiwaza vizuri, ni kama dereva mgeni kwenye mteremko wa Kitonga. Gari likianza kukimbia anatazama mshale wa spidi, badala ya kutazama barabara.

Mfano mwingine ni wa upasuaji wa matundu madogo, ule wa kuingiza vyuma virefu tumboni huku daktari anatazama skrini. Mwaka 2004 watafiti wa Canada waliwalinganisha wazoefu na wanaoanza kwenye mashine ya mazoezi. Anayeanza macho yake yanamfuata ncha ya kile chuma alichoshika, kama mtu anayebeba chai iliyojaa mpaka pomoni. Mzoefu jicho lake linakwenda kule anakotaka kufika, chuma kinamfuata chenyewe. Na jambo zuri zaidi likatoka Exeter, Uingereza, mwaka 2011: wanafunzi waliofundishwa watazame wapi walijifunza kazi haraka kuliko wenzao waliofundishwa namna ya kuichezesha mikono. Hata walipopewa kazi mbili kwa mpigo, hawakuyumba kama wenzao.

Maana yake ni nini? Maana yake jicho la mkongwe si kipaji cha kuzaliwa nacho. Linafundishika. Zamani mzoefu ukimwuliza umeonaje, anakwambia "niliona tu." Mwenyewe hajui. Sasa ile miwani inamtolea siri yake, mwanafunzi anaonyeshwa: tazama, mwenzio alitua hapa, hapa na hapa, wewe ulikuwa unashangaa faili.

Lakini ngoja, usikimbilie kuuza kiwanja uwanunulie madaktari miwani. Kuna kisa cha gorila.

Mwaka 2013 watafiti wa Boston, Marekani, waliwachukua madaktari bingwa 24 wanaosoma picha za mionzi. Si wanafunzi hawa, ni mabingwa. Wakawapa picha za mapafu, wakawaambia watafute vinundu vya saratani. Kwenye picha za mwisho wakachomeka kapicha ka gorila. Gorila, msomaji! Ukubwa wake ulikuwa mara 48 ya kinundu cha kawaida. Mabingwa 20 kati ya 24 hawakumwona. Na mashine ya macho ikaonyesha kwamba kati ya hao 20, wako 12 ambao jicho lilitua juu ya gorila mwenyewe. Walimtazama. Hawakumwona.

Hapo ndipo niliposimama kuwasema wale vijana sita. Nani anajua? Pengine wawili au watatu kati yao waliutazama ule mpira unaoning'inia kwa robo ya sekunde. Jicho lilifika, ila halikukuta mtu nyumbani. Kichwa hakikuwa kimeuliza habari za mpira, kilikuwa kinatafuta jibu la profesa, kama wale mabingwa walivyokuwa wanatafuta vinundu.

Kwa hiyo miwani inaweza kukwambia jicho lilikuwa wapi. Haiwezi kukwambia moyo ulikuwa wapi. Ndiyo sababu zoezi likiisha watu hukaa chini na mwalimu, wakazungumza. Ile filamu inakuwa shahidi. Mwanafunzi anaapa, "Mwalimu, presha niliitazama!" Filamu inaonyesha hakugusa. Au inaonyesha aliitazama mara tatu, na hapo swali linakuwa jingine kabisa, zito zaidi: sasa mbona ulipoiona hukufanya kitu? Hukuielewa? Uliogopa kumwambia mkubwa wako? Hayo ni magonjwa matatu tofauti na dawa zake ni tofauti. Bila filamu yote yangeitwa uzembe.

Wala usidhani mambo ya mwanasesere ni ya Ulaya tu. Hapa hapa kwetu, Hospitali ya Haydom, wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, wakunga na wauguzi wamefanya mazoezi na mwanasesere mchanga kwa miaka mingi, wa kujifunzia kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Mwaka 2010 walipewa mafunzo ya siku moja. Baada ya miezi saba wakapimwa. Mbele ya mwanasesere walikuwa wamepanda vizuri sana. Lakini kwenye chumba cha kujifungulia chenyewe, kwa watoto wa kweli, kazi haikuwa imebadilika.

Uzuri ni kwamba hawakusema basi. Wakabadili mtindo: mazoezi mafupi, dakika 3 mpaka 5, kila wiki, pale pale kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Hapakuwa na uchawi. Mwanasesere ni yule yule, mikono ni ile ile, ila swali la mtoto huyu anapumua likawa linaulizwa kila wiki, mpaka likazoeleka kichwani.

Nikiunganisha vipande hivi vyote, Munich, Boston na Haydom, napata hofu moja na tumaini moja.

Hofu yangu ni kwamba miwani nayo inaweza kugeuka kuwa profesa wa pili. Mtu akishajua macho yake yanapimwa na kupewa maksi, ataanza kuyatembeza kwa ajili ya maksi. Skrini, tiki. Dripu, tiki. Uso wa mgonjwa, tiki. Swali kichwani litakuwa: hii mashine inataka nitazame wapi? Na mgonjwa atabaki kete vile vile, safari hii mbele ya macho yaliyofundishwa vizuri. Kama kifaa hiki kitafika kwenye vyuo vyetu, basi kisije kama fimbo. Kije kama kioo cha kujitazamia, mlango umefungwa, mwanafunzi na mwalimu wake, bila kuchekwa.

Tumaini langu ni kwamba swali linaweza kubadilishwa hata bila miwani. Halihitaji umeme wala fedha za kigeni. Profesa anaweza kuingia wodini, na kabla hajauliza dalili za pumu kali akasema, "Vijana, faili chini. Mtazameni huyu mama dakika moja. Niambieni yukoje." Dakika moja tu. Macho kumi na mawili yangehama kutoka mdomoni kwa profesa, yakaenda kitandani, kwa sababu swali limekwenda huko.

Binamu yangu nimemwambia hivyo hivyo, ingawa yeye ndiye msomi na mimi ni wa kidato cha nne. Nimemwambia, ukifika kitandani, kabla ya faili na kabla ya mashine, jiulize kimoyomoyo: huyu mtu yukoje sasa hivi? Ukishajibu, hapo ndio mwogope profesa. Akacheka, akasema nimekuwa daktari wa magazetini. Lakini nilimwona ameandika kwenye kijidaftari chake.

Na wewe msomaji unayekwenda kumwona mgonjwa jioni ya leo, usikae pale kama mzigo wa abiria mwingine. Koti jeupe lisikufunge mdomo. Wewe unaijua rangi ya mama yako kuliko mwanafunzi aliyemkuta asubuhi hii. Ukiona kitu kimekaa upande, sema kwa adabu: "Samahani daktari, naomba utazame hapa." Umempa jicho lake swali. Wengi wao watashukuru, na asiyeshukuru na aende zake, mgonjwa ni wako.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.